Kiti cha Dereva Ndani ya Bila Shingo

Tarehe 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiyaondoa magoti ya Mama, ambayo siku hizi tunayaongelea kama mpangaji wa tatu katika nyumba hii. Asubuhi namwuliza yamelalaje, naye ananijibu kwamba yamekesha. Daktari amempa dawa ya kupaka inayonuka mpaka kwenye ngazi, na jirani wa chini ameshapanda kutuuliza kama kuna kitu kinaungua. Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula, na kama bado unalala mlango wazi. Nilimwambia swali la pili aliandike mwenyewe, akaninunia.

Mimi mzima. Ofisini nimehamisha meza yangu tena, sasa iko dirishani, na kiti nilichopewa kinalia kila ninapojigeuza, maana yake kinalia kutwa nzima. Unanijua.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka kwamba tunatengeneza gemu ya vita vya vifaru: mtu anakaa kwake na kompyuta au simu, anaendesha kifaru, anapambana na wengine ambao nao wamekaa makwao. Mimi ni mmoja wa wanaojenga hayo magari ndani ya kompyuta, bamba moja baada ya jingine. Mpaka mwaka jana nilikuwa napewa minyororo na magurudumu tu. Mwezi huu nimepewa gari zima, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Na ukisikia ni gari gani utacheka, kwa sababu ni lile la kwenu.

Ndiyo, lile lililoko uani kwenye makumbusho yenu, chini ya turubai, ambalo uliniambia linakutia uvivu kila ukiliona. Gari la majaribio la Wasovieti, la kuwindia vifaru. Walitengeneza mawili, wakayajaribu, wakayakataa. Moja likayeyushwa, la pili likazunguka dunia hadi likaangukia kwenu kwa njia ambayo hakuna anayeielewa. Hapa tumelipa jina la Bila Shingo, kwa kuwa halina kile kichwa cha juu kinachozunguka. Mzinga umechomekwa kifuani tu, na likitaka kulenga lazima ligeuke lote. Picha za nje ninazo tele. Za ndani sijapata hata moja, na michoro imepotea.

Nakuomba ufungue kifuniko, uingie, unipimie. Safari hii mchezaji ataweza kuangalia vita kutoka kwenye kiti cha dereva, kwa hiyo hicho kiti ndicho nikitakacho kuliko vyote. Wewe uliendesha gari la namna hiyo kule vitani, hutapata shida. Nimepewa hadi mwisho wa Juni. Nikilikamilisha vizuri wananiajiri moja kwa moja, na nikiliharibu mkataba unaisha na hakuna mwingine. Ningekupigia, lakini najua wewe na simu hamuivi.

Mdogo wako,
Kiroboto


Tarehe 2 Aprili

Kiroboto,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilifika zamani. Niliiweka juu ya kabati, ikawa kila nikipita inanitazama. Usikasirike. Simu inanishtua, barua inangoja mpaka niwe tayari, ndiyo maana tunaelewana.

Mwambie Mama nakula, na nimenenepa kidogo. Habari za mlango aachane nazo. Huku kazini hatujambo. Mama Tiketi, yule anayekaa pale getini kuuza tiketi, amegombana na mkurugenzi kuhusu feni, na mimi nimepaka rangi mizinga mitatu ambayo hakuna mgeni atakayeiangalia. Wageni wanakuja, wanapanda juu ya kifaru kikubwa pale mbele, wanapigwa picha, wanaondoka. Bila Shingo wako hata hawamfikii.

Nimemwangalia vizuri kwa ajili yako. Nilikwangua rangi ubavuni. Juu ni kijani chetu, tulichokipaka sisi. Chini yake nyeupe, chini ya nyeupe kijani kingine chenye manjano kidogo, halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Hicho kijani cha pili ndicho chake cha kuzaliwa. Nimekufungia vipande ndani ya karatasi. Mabamba yamechomelewa na watu wawili tofauti: wa upande wa kulia alikuwa mtu mtulivu, wa kushoto alikuwa anawahi mahali. Uyachore hivyohivyo, usiwanyooshee.

Mzinga ni mrefu kupita kiasi. Gari likishuka mteremko tu, ncha inachoma ardhi. Sishangai walilikataa, hata wewe ungelikataa.

Kifuniko kimeshika kutu. Nitakiangalia nikipata nafasi.

Na mimi nina swali. Katika hiyo gemu yenu, watu waliomo ndani ya gari wanafanywaje?

Kaka yako


Tarehe 15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Magoti yamepata nafuu, sasa ni bega. Mama anasema kabati lako lina bahati, linasomewa barua kabla yake yeye aliyekuzaa. Mimi nimehama tena meza, dirishani kulikuwa na jua.

Vipande vya rangi vimefika na nimevilinda kama dhahabu. Wachomeleaji wako wawili nimewaweka. Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini mishono ya kushoto ni mibaya, nikamwambia fundi alikuwa anawahi. Akadhani nimechanganyikiwa.

Uliuliza kuhusu watu. Chini ya skrini kuna picha nne ndogo za nyuso: kamanda, dereva, mpiga mzinga, na mpakiaji anayejaza makombora. Gari likipigwa, pengine mmoja wao anaumia. Picha yake inageuka nyekundu na sauti inasema, "Dereva ameumia." Hapo gari linakuwa zito kugeuka. Mchezaji anabonyeza kitufe, dawa inatumika, picha inarudi rangi yake, mambo yanaendelea. Hakuna damu wala kilio. Gari likiteketea kabisa, mchezaji anachukua jingine. Usilichukulie kwa uzito. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaiangalia, nikaona niiache tu.

Hapa kuna mtu tunamwita Bwana Mizani. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna gari linaloyaonea mengine. Ana miwani ambayo sijawahi kuiona ikiwa machoni, maisha yake yote iko kichwani. Huyu amenikalia kooni. Anataka Bila Shingo liende mbio kuliko lilivyoweza, na mzinga ugeuke upana ambao wewe mwenyewe unajua hauwezekani. Anasema gari lililokataliwa na waliolitengeneza halitapendwa na mtu bila kutiwa sukari. Tumebishana wiki nzima, mpaka tukagawana: mwendo achukue yeye, umbo nichukue mimi. Kwa hiyo umbo nikilikosea sina pa kujificha.

Na kwa ndani sina hata pa kuanzia. Kila siku nafungua kompyuta, nakuta gari zuri lenye tumbo tupu. Kutu inatolewa kwa mafuta, Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kwa baiskeli yangu. Usinipige chenga.

Kiroboto


Tarehe 20 Mei

Kiroboto,

Marahaba. Usihesabu siku, najua nimechelewa. Mvua ilitoboa paa la ghala na nimekuwa fundi wa mabati mwezi mzima. Bega la Mama alikande kwa maji ya moto, na asinyanyue ndoo. Mwambie nimesema mimi.

Kifuniko kimefunguka. Ilikuwa kazi ya mafuta, nyundo na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya chuma na mafuta ya zamani. Nikaenda kunywa maji, nikarudi kesho yake.

Nimelala kifudifudi juu ya paa la gari, nikaingiza kichwa na mkono na tochi, na futi nimeifunga kwenye fimbo. Nimekupimia pa kamanda, pa mpiga mzinga na pa mpakiaji, na rafu za makombora zote, karatasi nimezikunja ndani ya bahasha hii. Mpakiaji alikuwa na taabu: kombora lenyewe zito, na pa kusimamia hapamtoshi hata mtu mwembamba. Sehemu ya dereva iko mbele na chini. Mkono wangu haufiki.

Kuna jambo moja huwezi kulipata kwa futi, kwa hiyo nakuandikia. Gari lisilo na shingo ni kazi ya watu wawili. Mpiga mzinga ndiye anayemwona adui, lakini hawezi kuusogeza mzinga ila kidogo tu. Dereva anaweza kuligeuza gari zima, lakini kule chini alipo haoni kitu cha maana. Mpiga mzinga anakaa nyuma yake, juu kidogo. Kwenye gari letu chombo cha kuongelea kilikuwa kimekufa siku nyingi, na kwa kelele ile hata ukipiga kelele humsikii mtu. Basi tulitumia mguu. Anauweka begani kwako. Akisukuma la kushoto, unageuza kushoto. Akisukuma la kulia, kulia. Akiinua, unasimama. Mtu unamzoea mpaka unajua amekasirika, amechoka au anatania, kwa uzito wa kiatu peke yake.

Wangu tulimwita Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi hata akila. Alikuwa na mguu mwepesi sana.

Basi, hayo yanatosha. Feni imenunuliwa, Mama Tiketi ameshinda.

Kaka yako


Tarehe 29 Mei

Kaka,

Shikamoo, na asante, na asante tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma natembea, halafu nikaenda kuwasomea wenzangu sehemu ile ya mguu. Bwana Mizani aliishusha miwani, Kaka, akaivaa machoni, kwa mara ya kwanza katika historia.

Mguu huo nimeuweka kwenye gemu. Mchezaji akiwa kwenye kiti cha dereva na akitaka kulenga, picha inasukumwa kidogo upande wa bega, kushoto au kulia, kama kiatu kinamwambia aende wapi. Bwana Mizani alikataa kwanza, akisema watu watatapika. Nikamjaribishia. Akakubali shingo upande. Hakuna gari jingine katika gemu yetu lenye kitu hicho, na kimetoka kwako.

Halafu nina jambo la kukuchekesha. Hapa kuna desturi: mtu akikamilisha gari peke yake mara ya kwanza, anaruhusiwa kuzijaza zile picha nne kwa nyuso za watu wake. Mwenzangu mmoja aliweka wajomba zake wote. Mimi Mama nimemfanya kamanda, maana tangu lini kuna mwingine. Amevaa kofia ya chuma na ananikodolea macho kama siku niliyovunja birika. Mpakiaji nimempa Bwana Mizani, abebe makombora na yeye ajue uzito. Mpiga mzinga ni mimi. Dereva nimeshampata, utamwona mwenyewe, hiyo ni zawadi.

Kimebaki kiti cha dereva. Zimebaki wiki nne. Mama nilipomwambia nimekuomba uingie humo, alizima redio. Akasema, "Mwanangu mwache nje." Nikamwuliza kwa nini, akaanza habari za bega. Ninyi wawili mnanificha kitu, na mimi siwezi kuchora kinachofichwa. Si lazima ukae sana. Ingia, pima, toka. Nakuomba, Kaka.

Kiroboto


Tarehe 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu imefika au iko juu ya kabati.

Gari linafungwa wiki ijayo, na likishafungwa hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Kiti cha dereva nimekikisia kwa kuangalia magari mengine. Najua nimekikosea, sijui nimekikosea wapi, na hilo linaniwasha usiku na mchana. Nimeacha hata kukaa, nafanya kazi nimesimama. Mama amesema nikiendelea kuzunguka sebuleni atanifunga kengele.

Andika hata mstari mmoja. Hata kunitukana.

Kiroboto


Tarehe 24 Juni

Kiroboto,

Nimepata zote mbili. Leo sina salamu ndefu, mwambie Mama sijambo.

Mama Tiketi alinijia karakanani na simu yake. Kampuni yenu imetoa picha za kulitangaza gari, naye alifurahi kuona kitu chetu cha uani kimekuwa maarufu. Nikaangalia. Bila Shingo limependeza, nitasema ukweli, mpaka mishono ya yule aliyekuwa anawahi. Likapigwa. Chini kukawa na nyuso nne, na wa pili alikuwa mimi. Ni ile picha ya harusi ya shemeji, umeivika kofia. Nikageuka mwekundu. Sauti ikasema, "Dereva ameumia." Halafu wakaonyesha kule ndani, na picha ikasukumwa begani kushoto.

Simu ya Mama Tiketi nimeivunja. Nitamnunulia nyingine. Sikuitupa kwa hasira, mkono ulifanya wenyewe.

Mimi na wewe hatujawahi kuongea habari hii na nilitaka iwe hivyo. Sasa sikiliza, nitaandika mara moja.

Siku ile tulikuwa tunalenga. Mguu wa Mluzi ukasukuma kushoto, nikageuza kushoto. Tukapigwa ubavuni. Taa zikazimika, moshi, masikio yakaziba. Kamanda na mpakiaji walitoka juu, wakadhani mbele hakuna aliyebaki hai. Mimi sikujua kwamba Mluzi amekufa. Nilichokijua ni kwamba mguu bado uko begani kwangu na unasukuma kushoto. Nikasema moyoni, huyu bado anamfuata adui wake. Nikaendelea kugeuza kushoto. Nikangoja auinue. Ukawa mzito zaidi, nikadhani anakazania, nikakaza na mimi. Walionitoa wanasema gari lilikuwa limechimba duara ardhini, na kwamba nilikuwa nawagombeza wasinivute kwa sababu Mluzi hajasema tusimame.

Sijakaa kwenye kiti cha dereva tangu hapo, cha gari lolote. Kule kazini kwenu mguu ule ni kitu cha kuwafanya watu watapike kidogo.

Nimekukasirikia, Kiroboto. Ulijua nimetoka vitani. Ulijua silali mlango umefungwa. Hukuniuliza kama nataka kuwa humo ndani, ukaniweka, na kila mtu mwenye kompyuta ananiua akiwa anakunywa chai.

Nitoe humo.

Kaka yako


Tarehe 6 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sikujua nianzie wapi. Mama akasema nianze na salamu, kama mtu aliyelelewa.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kupanda. Nilijua umetoka vitani. Sikujua umetoka wapi hasa, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na furaha mno ya kulimaliza gari langu. Nilitaka watu wote wakuone. Nilidhani ni heshima. Naona aibu, na sina cha kujitetea.

Umetoka. Nimekutoa siku ileile. Gari lilikuwa limeshafungwa, nikalifungua. Mguu nimeuondoa. Kiti sikuweza kukiacha kitupu, mashine haikubali, inadai nyuso nne. Hakukuwa na muda wa kuomba uso wa mtu, na sura iliyokuwa tayari, ambayo sihitaji ruhusa ya yeyote, ni yangu. Basi dereva ni mimi, na pale kwa mpiga mzinga nimemweka mwanajeshi wa kubuni asiyefanana na mtu. Gari limetoka kwa wachezaji siku iliyopangwa.

Mama nimemsomea barua yako, usinigombeze, aliniona nalia. Alisema yeye alijua sehemu tu, kwa sababu ulikuwa ukiongea usingizini ulipokuja mara ya kwanza. Kisha akaenda kufungua mlango wa chumba ulichokuwa unalala, akauacha wazi. Mpaka leo hataki niufunge.

Siku hizi nina nafasi, nampeleka Mama kwa daktari mwenyewe, hata asubuhi. Ukijibu tuma hapa nyumbani, usitume tena ofisini. Na habari za kiti cha dereva usijisumbue nazo. Nilikikisia na kimepita.

Nisamehe, Kaka.

Kiroboto


Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekusamehe. Naanza na hilo ili usiisome barua nzima roho juu, maana nakujua, ungeruka mistari.

Mama mwambie nimefurahi kuhusu mlango. Mwambie pia nakuja mwezi ujao, nimeshaomba ruhusa, na ndoo atanikabidhi mimi. Hukusema kama wamekuachisha kazi na mimi sikuulizi. Mwenye kazi hampeleki mama yake kwa daktari asubuhi.

Mama Tiketi nilimnunulia simu, bora kuliko ile ya kwanza, na hilo ndilo kosa langu, kwa sababu sasa amekuwa mchezaji. Anauza tiketi kwa mkono mmoja. Juzi nilipita getini akaniita nione jinsi anavyolipeleka Bila Shingo. Nikachungulia. Chini pale nikakuona wewe, umevaa kofia ya dereva, na ule uso wako wa kubishana. Likapigwa, ukawa mwekundu. Akabonyeza, ukapona. Likapigwa tena, ukawa mwekundu tena. Nikamwomba arudi nyuma atoke pale. Akasema, "Si amepona huyu?" Nikamwambia, "Huyo ni mdogo wangu." Akaizima simu, akaiweka chini ya mkoba.

Siku hiyo sikufanya kazi. Nilizunguka uani mpaka walinzi wakaniuliza nimepoteza nini. Akili yangu ilijua kabisa kwamba uko nyumbani unamkanda Mama bega. Lakini kuna kitu ndani yangu ambacho hakikujua, na hakikutaka kuelezwa. Kilikuwa kinasema Kiroboto yuko mle, na hakuna anayekwenda kumtazama.

Asubuhi yake nikatoa turubai. Nilimwomba Mama Tiketi apande juu ashikilie kifuniko, asikiachie hata akiitwa na mkurugenzi. Nikaingia, miguu kwanza.

Kiti umekikosea, mdogo wangu. Dereva wako umemkalisha wima kama karani wa benki, kichwa kingegonga paa kwenye shimo la kwanza. Kiti halisi kiko chini sana, mtu anakaa nusu kalala, magoti yamepanda karibu na kifua. Vyuma vya kugeuzia viko pembeni mwa magoti, si mbele. Bega la kushoto linagusa ukuta. Kadirisha ka kuonea ni kadogo kuliko barua hii, na ukikaa sawasawa unachokiona ni mzinga na mbingu kidogo. Vipimo vyote viko kwenye karatasi ya pili. Najua havina kazi tena, gari limetoka na wewe umetoka. Ila uliniomba, na sikupenda kubaki na ombi lako mkononi.

Nililia, sitakuficha. Mama Tiketi akajifanya anaangalia mawingu. Nilipoweza, nikapeleka mkono nyuma, juu ya bega langu, nikakipapasa kiti cha mpiga mzinga. Kisha nikapapasa chini yake, na kwa mpakiaji, na pembeni mwangu, na kote ambako mkono ulifika, polepole. Nikarudia tena kuanzia mwanzo. Wewe hukuwemo, Kiroboto, wala Mluzi hakuwemo. Hakukuwa na mtu. Nikamwambia Mama Tiketi anipe mkono, nikatoka.

Kaka yako